Jicho Lililopendelea Nyota Nyekundu

Mwaka jana, mwezi wa pili, nilishuka Beni kumwona Mwalimu Ilunga. Mkewe, Mama Ngalula, alikuwa amenipigia simu akaniambia kwamba mzee haoni tena: presha ya macho imemaliza jicho la kushoto, na la kuume linabakiza kivuli tu. Lakini kila anaposikia mtu anataja Butembo, anauliza, "Na Kavira? Angali anaangalia juu?" Basi nikapanda gari asubuhi na mfuko wa viazi vya Lubero kati ya miguu. Kwetu Butembo ni mlimani, mtu anatoka nyumbani na sweta. Kufika Beni sweta imeshakuwa mto wa kukalia. Nilimkuta barazani, mgongo wima kama yuko mbele ya darasa, shati limepigwa pasi na kufungwa hadi kifungo cha shingo. Sikusema neno, nilitaka nimtazame kwanza. Lakini vumbi la njiani likanifanya nikohoe kidogo, naye akageuza kichwa. "Ule ni mutu wa baridi," akasema. "Kavira, ingiya." Nilicheka, kisha nikalia kidogo, kisha nikacheka tena. Mimi ndivyo nilivyo, hata ujanani nilikuwa hivyo.

Watoto wangu wakiniuliza habari za miaka ya vita, wanangoja niwape risasi na mbio za porini. Hizo zilikuwepo, sikatai. Tulizika watu, na wako ambao hatukupata hata kuwazika. Lakini Mungu anisamehe, nikifunga macho na kuurudia mwaka ule mmoja, kitu cha kwanza kinachokuja si bunduki. Ni harufu ya maharage makavu, chumba kidogo nyuma ya depo, ghala la maharage la shangazi yangu Tantine Masika, na mimi nimelala chali juu ya gunia tupu uani, nikibishana moyoni mwangu kama nyota fulani imezidiwa na mwenzake au hapana. Nilikuwa msichana mwenye miaka yangu ya kuolewa, nimeacha shule mwaka wa tatu wa sekondari, napima maharage sokoni mchana kutwa. Na mwaka huo nilifanya kazi moja ambayo hadi leo, nikiikumbuka nikiwa katikati ya soko, najikuta nimesimama wima bila sababu.

Lazima kwanza niseme juu ya kopo. Katika safu yetu ya soko kila muuzaji alikuwa na kopo lake la kupimia, na kopo nalo lina maisha yake: linaanguka, linabonyea, na wako waliolisaidia kubonyea kitako kwa nyundo, ili maharage machache yaonekane mengi. Kwa hiyo depo ya Tantine ilikuwa na kopo moja lililoning'inia msumarini, ambalo halikuuzia mtu kitu hata siku moja. Wenyewe tuliliita kopo ya ukweli. Mteja na muuzaji wakigombana, walikuja wote wawili wakifoka, Tantine analishusha, analijaza, analimimina ndani ya kopo la ugomvi, na kila mtu anaona. Kopo lililobonyea halikutupwa. Tantine alimwambia mwenyewe, "Hii yako inapunguka ngumi moja. Endelea kuuzisha nayo, mais kila kopo ongeza ngumi moja." Na soko lote lilijua: kwa Mama fulani, kopo na ngumi moja, kwa fulani, kopo na vidole tu. Kopo baya linalojulikana ubaya wake lilikuwa kopo zuri.

Mwalimu Ilunga alikuwa mtu wa Kasai, aliyetumwa na serikali kufundisha fizikia Butembo kabla nchi haijakatika vipande. Vita ilipokata upande wetu na Kinshasa, serikali yake ikabaki huko ng'ambo, naye akabaki huku na chaki. Jioni alikula kwetu. Bugali ya muhogo, maharage, siku nyingine kipande cha makayabu, samaki wa chumvi, alichokigawa mara tatu ili atubakizie. Akishanawa mikono, alitandika gunia uani akalala chali. Butembo haikuwa na umeme wa mji. Saa moja ya jioni, jenereta za matajiri zikiwa bado zinakohoa mbali, juu yetu kulikuwa kweupe kwa nyota kama unga uliomwagika. Tantine alimwonea huruma. "Mwalimu, utashikwa na pneumonie. Nini iko kule juu ya kukula?"

"Mama Masika," akajibu bila kuinuka, "kule juu njo kuko kopo ya ukweli ya dunia yote."

Tantine akanitazama, akagusa kichwa chake kwa kidole. Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia neno kopo, nikatoka nje na gunia langu.

Kumbe kuna nyota ambazo mwangaza wake umepimwa na kupimwa tena mpaka kila moja imepewa namba ambayo hakuna anayebishana nayo. Namba ndogo ndiyo mwangaza mkubwa. Mwalimu alisema ni kama darasani, wa kwanza ni mbele ya wa pili. Ile nyeupe inayopanda upande wa mashariki, namba yake ilikuwa nne. Ile ya rangi ya chungwa iliyo karibu na utosi, tisa. Rafiki yake ya njano kule kaskazini, kumi na moja. (Wenye shule wanaziandika na virgule, yaani nukta: sifuri virgule nne, moja virgule moja; sisi tuliziita hivyo kwa ufupi.) Hizo hazibadiliki. Lakini katikati yao kulikuwa na nyekundu moja kubwa, begani mwa zile tatu zinazopanga mstari, na hiyo ilikuwa na moyo wa kigeugeu: mwezi huu inawaka, mwezi ujao inafifia. Kazi ya mtu ni kuilinganisha na zile zisizobadilika na kusema leo iko ngapi. Na sisi tulikaa mahali pazuri kupita wote, ndivyo alivyonifundisha, kwa sababu mstari wa katikati ya dunia unapita karibu na mlango wetu. "Bazungu ba kaskazini hawaoni nyota za kusini, ba kusini hawaoni za kaskazini. Mutoto wa Butembo analala tu kwa gunia, anaona zote." Siku hiyo nilikwenda kulala nikijisikia tajiri.

Alinipima jicho kabla ya kuniruhusu kupima nyota. Jioni baada ya jioni alinionyesha nyota bila kuniambia namba zake, mimi nasema ninachoona, naye anakaa kimya. Mwishoni akakaa kitako akacheka. Kwa nyeupe na za njano sikukosa. Lakini kila nyota yenye wekundu ndani yake niliipa mwangaza mwingi kuliko haki yake, na kila mara kwa kiasi kilekile: ya tisa niliita saba. "Unaiangalia sana," akasema. "Nyota nyekundu, mutu akiikazia macho, inajikuza. Hapana kuikazia. Piga jicho, ondoka." Nilijaribu kupiga jicho na kuondoka. Sikuweza. Nyekundu ilikuwa nzuri sana, ilitetemeka kama kaa la moto ambalo mtu amelipuliza, nami nilibaki nayo. Nikamwomba msamaha, nikasema labda kazi hii si ya mtu kama mimi.

"Kwa nini? Tantine yako anatupa makopo?"

"Hapana."

"Donc, basi, wewe ni kopo ya kubonyea mbili. Kwa nyekundu tunaongeza mbili, ni mwisho. Kitu kimoja tu, Kavira: hapana kujirekebisha wewe mwenyewe ndani ya kichwa. Sema kile jicho inaona, hapana kile kichwa inajua. Siku utaanza kusaidia jicho, hatutajua tena inabonyea ngapi, na pale njo utakuwa bure kabisa."

Karibu na Noeli alipata habari kupitia mfanyabiashara aliyerudi kutoka Kampala. Watu wa ng'ambo aliokuwa akiandikiana nao tangu ujana wake walitangaza kwamba darubini inayoruka nje ya hewa ingeielekea nyota ile nyekundu katikati ya mwezi wa pili. Walihitaji macho ya watu kila upande wa dunia yaifuate kabla na baada, jioni zote zinazowezekana. Nilimuuliza chombo kama hicho kinahitaji nini kwa macho yetu. Akanieleza kwamba nacho ni jicho tu, jicho la vyuma, na hakuna jicho lisilobonyea. Wenyewe wanalielekeza kwanza kwenye nyota zenye namba ya kujulikana, wanaona linakosea ngapi, wanasahihisha, ndipo wanaamini linachosema juu ya nyingine. Na kwa kuwa lina kazi nyingi, litaitazama nyekundu mara moja na kupita. Bila sisi wa chini hakuna atakayejua kama siku ile ilikuwa inapanda au inashuka. "Yenyewe inasahihishwa sawasawa na wewe," akasema. Sijawahi kusifiwa hivyo tena, hata siku ya harusi yangu.

Mwezi wa kwanza akashuka Beni kumwona bibi yake na watoto, akisema atarudi kabla ya wiki kwisha. Njia ikafungwa nyuma yake. Magari yalichomwa, watu wa Mbau walikuwa wakikimbilia Beni na magodoro kichwani, na waliokuwa Beni wakabaki Beni. Nilidhani kazi yetu imekufa. Lakini jirani yetu Papa Kasereka, mnunuzi wa maharage ya Alimbongo, alikuwa na fonia, ile redio ya kuongea mbali, katika chumba kimoja kilichojaa magunia, betri ya gari chini ya meza, waya umefungwa juu ya mkaratusi. Kila jioni watu walipanga foleni pale wapate kuongea na ndugu zao. Hakuna siri kwenye fonia. Nilisikia nani amezaa, nani amefariki, bibi mmoja akimtukana bwana yake wa Beni mpaka Papa Kasereka akamnyang'anya kipaza sauti akisema, "Mama, betri yangu inasikia haya." Na siku moja katika mikwaruzo ile nikasikia: "Butembo, Butembo, hapa Mwalimu. Kavira, unanipata? À vous." Maana yake: zamu yako.

"Nakupata cinq sur cinq, vizuri kabisa, Mwalimu!"

"Mie niko naangalia huku, hewa ya huku ni nzito, mawingu mingi. Wewe huko juu usiache. Kila jioni, saa moja na nusu, utatoa namba yako, mie nitatoa yangu."

Basi tukafanya hivyo. Natazama uani, nakimbia kwa Papa Kasereka, nasema, "Nyekundu, ine. À vous." Naye kutoka Beni: "Nyekundu, sita. À vous." Nne yangu na mbili yangu ni sita, tunacheka, tunaachia wengine foleni. Sasa hebu fikiria wewe ni askari, umetoka mbali, njia imefungwa, adui yuko msituni, na kila jioni saa ileile sauti ya msichana inasema nyekundu, nne, na sauti ya mwanaume wa Beni inajibu nyekundu, sita. Sikuwahi kuliwaza hilo. Mimi nilikuwa nawaza nyota.

Walikuja tukiwa tumebakiza siku chache tu kufika ile ya darubini. Komanda wa wale walioshika mji wakati huo alikuwa mtu wa Équateur, mkoa wa mbali kwenye mto mkubwa, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikaa kwenye gunia la maharage, askari wake wawili wakasimama mlangoni, na foleni yote ikayeyuka. Papa Kasereka alikuwa amekwisha kuwa rangi ya jivu. Tulijua wote: fonia ingechukuliwa, hilo dogo, lakini Mwalimu alikuwa Beni, na neno moja kwa wenzao wa kule lingetosha asionekane tena.

"Mwana mwasi," Komanda akaniambia, ndiyo msichana kwa Kilingala, "nyekundu ni nani? Ine ni nini? Camions? Malori ine?"

"Ni nyota, Komanda."

Askari mmoja akacheka. Komanda hakucheka. "Nionyeshe."

Tukatoka uani. Tantine alikuja mbio, kitambaa kimemtoka kichwani, akasimama ukutani ameshika mdomo. Nilimwonyesha nyekundu, nikamwonyesha nyeupe ya nne. Nikasikia sauti yangu inaeleza juu ya namba kama mtoto anayesoma katekisimu. Akatazama muda mrefu, shingo nyuma. "Leo ni ngapi?"

"Ine."

"Bakia hapa." Akamwacha askari anilinde, akaingia kwenye fonia na Papa Kasereka, mlango ukafungwa. Nilisikia mikwaruzo, sauti ya Mwalimu kwa mbali, lakini neno hata moja sikulishika. Tantine alikuwa anasali kwa Kinande, lugha yetu, haraka haraka. Komanda alipotoka uso wake ulikuwa umefungwa kama mlango ule.

"Yee anasema sita. Wewe ine. Nyota ni ileile, saa ni ileile. Nani anadanganya?"

"Hakuna, Komanda. Jicho yangu njo inapendelea nyekundu. Inatoa mbili."

"Aa. Sasa namba ikikataa, ni jicho." Akainua mkono, akaonyesha ile ya chungwa, karibu na utosi wetu. "Na ile? Ile ngapi?"

Nilijua ni tisa. Nilijua kama ninavyojua Baba Yetu. Ningesema tisa, ningekuwa sahihi mbele ya vitabu vyote, na kama Mwalimu aliulizwa bila shaka alisema tisa, maana ndiyo namba yake. Ningesema saba, wangekuwa na uongo wa pili mkononi, uongo ambao hata kitabu kingeushuhudia. Nikaitazama. Nikailinganisha na nyeupe, nikailinganisha na ya njano. Nilitamani kwa moyo wote inipe tisa, walau nane. Ilining'inia pale, nzuri, ya saba.

"Saba," nikasema.

"Mwalimu yako amesema tisa. Unabadirisha?"

Nikamsikia Tantine akinong'ona, "Sema tisa, mutoto, sema tisa."

"Ni tisa, Komanda. Najua ni tisa. Mais jicho yangu inaona saba."

Kisha yule mtu mrefu akageuka kwa Papa Kasereka, na nikaona meno yake kwa mara ya kwanza. "Ule muzee alisema nini kwa fonia? Rudilia."

Papa Kasereka akarudia neno kwa neno. "Alisema, 'Mumuulize ile ya macungwa. Ni tisa, na yeye mwenyewe anajua ni tisa. Mais atasema saba. Hata mumutishe, atasema saba.'"

Tantine alikaa chini palepale penye vumbi. Komanda alisimama bado anatazama juu, akatembeza macho kutoka nyeupe hadi nyekundu, nyekundu hadi nyeupe. "Mie naona yenu ya nyekundu iko nyuma ya nyeupe," akasema polepole. "Kidogo. Tuseme sita?"

"Sita, Komanda. Jicho yako ni nzuri."

"Kwetu baba alikuwa muvuvi wa mto," akasema, kama mtu anayejibu swali lingine. Akawaita askari wake. Mlangoni akageuka. "Endelea. Mais kabla ya namba, museme kwanza 'nyota', kusudi batoto bangu, baaskari, bajue." Tangu jioni hiyo nilisema, "Nyota nyekundu, ine," na mara mbili alipita yeye mwenyewe, akasimama uani, akatazama juu, akatoa namba yake, akaenda. Kabla ya mvua kuanza, kikosi chake kilihamishwa. Sijui kama alifika kwao kwenye mto wake. Mara nyingi nimemwombea.

Siku ya darubini, Beni ilikuwa mawingu matupu. Butembo kulikuwa kweupe. Kwa hiyo namba ya mstari wa katikati, siku ile, ilitoka uani kwa Tantine Masika, kati ya jiko na choo. Njia ilipofunguka Mwalimu alirudi amekonda, akala bugali sahani mbili bila kugawa makayabu. Na baada ya miezi mingi, kupitia mfanyabiashara yuleyule, ilikuja karatasi yenye mstari uliopinda kama njia ya kuteremkia Beni, na vitone juu yake, kila kitone mtu mmoja mahali fulani duniani na jioni yake. Kwenye siku ile Mwalimu aliweka kidole. Kitone changu kilikuwa kimelala juu ya mstari wenyewe, pamoja na zile mbili zake za kuongeza. Tantine aliomba akione. Akakitazama akaguna. "Hii tu? Kidogo ivi?" Lakini karatasi ikaning'inizwa kwenye msumari, chini ya kopo ya ukweli, na hakuna mteja aliyeingia asionyeshwe.

Depo sasa ni yangu, na msumari bado upo. Namba nimeendelea kuzitoa, jioni ninazoweza. Siku hizi zinakwenda kwa simu. Ndiyo maana nilipokuwa Beni mwaka jana, tulipokwisha kula viazi vyangu na sombe, kisamvu, ya Mama Ngalula, sikushangaa Mwalimu alipopapasa mkono wangu na kuniomba nimtoe uani. Jenereta ya jirani ilikuwa imezimika. Nilimkalisha kwenye kiti, nikasimama nyuma yake. Mama Ngalula alikuja na kitambaa akamfunika mabega.

"Iko pale?" akauliza.

"Iko, Mwalimu. Kwa utosi."

"Leo ngapi?"

Nilipiga jicho. Nilikusudia kabisa kupiga jicho na kuondoka, kama alivyonifundisha. Lakini ilikuwa pale, nyekundu, inatetemeka, nami nikabaki nayo.

"Tatu," nikasema.

Akainua uso wake kuelekea juu, mahali penyewe hasa, akatabasamu.

"Donc ni tano," akamwambia bibi yake.